Likizo tupitie vitaluni na bustanini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie makala zenu za likizo. Kila shule zinapokaribia kufungwa mnatupangia mahali pa kwenda: maporomoko ya Murchison, gorila wa Bwindi, fukwe za visiwa vya Ssese, hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Ni mahali pazuri na nchi yetu ina haki ya kujivunia. Lakini wasomaji wenu wengi huku Uganda ni watu wa hali yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Bombo kwa pensheni, na likizo ikifika wajukuu wanamiminika nyumbani kutoka Kampala, Arua na Kigumba. Kibali cha kwenda kuwaona gorila, kwetu sisi, ni karo ya mtoto. Basi tunakwenda kwenye vitalu vya miche na kwenye bustani za mimea, na nasema bila kusita kwamba hakuna matembezi yaliyowafaa watoto hawa kuliko hayo. Naomba nanyi muyape nafasi.

Nianze na vitalu, maana viko njiani na havina kiingilio. Ukitoka Kampala kwenda Entebbe utaviona kando ya barabara: safu za viriba vyeusi chini ya neti za kivuli, maua ya vyungu mbele ili yavute macho, miche ya matunda nyuma yake, na ndani kabisa ile ya mbao na ya dawa. Magari yanapita mbio kuwahi uwanja wa ndege. Wanaosimama ni wenye nyumba mpya wanaotafuta nyasi za uani. Sisi husimama kwa ajili ya mwenye kitalu mwenyewe, kwa sababu mtu aliyezeeka na miche anajua mengi, na akisalimiwa kwa adabu na kuulizwa vizuri hafichi kitu. Nawafunza wajukuu wasiingie kitaluni kama wanaingia sokoni. Kwanza salamu, kisha pole na kazi, kisha maswali, na hatuondoki bila kununua chochote, hata kama ni mche mmoja wa mrehani.

Kuna mzee mmoja, simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa, aliyewafundisha wajukuu wangu kubebesha parachichi, yaani kuunganisha kitawi cha mti unaozaa kwenye mche mwingine. Nimekaa na walimu maisha yangu yote na somo lile naliweka juu kabisa. Alichagua mche ulioota kutoka kwenye kokwa, shina lake unene wa penseli. Akakata kichwa chake kwa wembe, kama shubiri moja kutoka kwenye udongo, akaupasua wima katikati. Kisha akachukua kikonyo, ncha ya tawi changa la mti unaozaa, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka, majani yote yameshaondolewa. Akakichonga pande mbili mpaka kikawa na umbo la kabari, akakipenyeza kwenye mpasuko taratibu. Halafu akawaita watoto wasogee.

"Angalieni hapa," akasema, huku amekishika kile kiungo kwa kidole gumba. "Ganda la huyu liguse ganda la yule, hata kama ni upande mmoja tu. Katikati ni mbao. Uhai unapita hapa, chini ya ganda."

Akafunga kwa utepe wa plastiki, akizungusha kutoka chini kwenda juu ili maji yasipate njia ya kuingia, na juu ya kikonyo akavisha kifuko chembamba cha plastiki kuzuia kisikauke. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Mjukuu wangu wa darasa la tano akauliza kwa nini tusipande kokwa tu, mbona mwembe wa bibi uliota wenyewe. Mzee akamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima: mti wa kokwa hauna ahadi ya kuzaa tunda kama la mama yake, na utakukalisha miaka mingi ukingoja, lakini uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Jioni ile nilikuwa na la kuwaongezea. Parachichi aina ya Hass, ambazo siku hizi watu wanazipanda Uganda kwa ajili ya kuuza ng'ambo, zote zimetokana na mti mmoja. Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California, aliupanda miaka ya 1920, akausajili kuwa wake mwaka 1935, na kila mti wa Hass ulioko duniani umepatikana kwa kukata vikonyo kutoka kwa ule, kisha kutoka kwa watoto wake, mpaka leo. Mti wenyewe uliugua mizizi ukakatwa mwaka 2002. Habari kama hii ukimpa mtoto akiwa ametoka kushika wembe na kikonyo kwa mkono wake, haitamtoka. Ukimpa kwenye ubao, ataisahau kabla kengele haijalia.

Yule mzee alitufundisha pia kuchagua mche, na hili nawaomba wasomaji walishike maana wengi tunadanganywa na urefu. Mche mrefu uliokonda umekimbilia mwanga tu. Chukua mfupi, mnene, wenye majani ya kijani kizito. Kinyanyue kiriba: kama mzizi umetoboa chini na kushika ardhi, mche huo umekaa mno, na ukiung'oa umeukata. Kama mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, itaendelea kujizungusha hata shambani, na mti utakuja kuangushwa na upepo ukiwa tayari unazaa. Ukiambiwa mche umebebeshwa, omba kuoneshwa kovu. Na usipandishe miche juu ya paa la teksi bila kuifunika. Upepo wa njiani utakuwa umekausha majani kabla hujafika Luweero. Gunia bichi linatosha.

Sasa nije kwenye majira, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Wengi wetu tunasafiri Desemba. Sehemu kubwa ya kati na kusini mwa Uganda hupata mvua zake kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Mtu ananunua miche njiani, anaipanda kijijini siku inayofuata Krismasi, anawaagiza wazee waimwagilie, anarudi mjini. Januari na Februari ni jua. Wazee wana magoti na kisima kiko mbali. Ikifika Pasaka anakuta vijiti, anasema mwenye kitalu ni mwizi. Mwenye kitalu hana kosa. Desemba ni mwezi wa kwenda kitaluni kujifunza, kuagiza, kuacha arubuni, na kwenda nyumbani kuchimba mashimo na kuyajaza samadi, ili mvua za Machi zikinyesha miche ije ipandwe mara moja. Na anayetaka kununua na kupanda katika likizo ileile, basi ni likizo ya Agosti na Septemba, mvua zikiwa mlangoni. Watoto wanarudi shule wakiwa wameacha mti wao ardhini na mbingu inawasaidia kuumwagilia. Kaskazini, kwa ndugu zetu wa Gulu na Arua, mvua ni msimu mmoja mrefu na kalenda ni nyingine, waulizeni wenyeji.

Kuna mmea mmoja ambao nawasihi wasafiri wauache ulipo: chipukizi la mgomba. Najua desturi yetu. Ukienda kwa shemeji ukapenda gonja yake, atakukatia chipukizi uende nalo, na kukataa ni kumvunjia heshima. Lakini mwaka 2001 huko Mukono uligunduliwa mnyauko wa bakteria wa migomba, na tangu hapo umezunguka nchi hii na nchi jirani. Majani yanakuwa manjano na kuning'inia, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano. Wadudu huusambaza wakitembelea ua dume, panga huusambaza likitoka shina moja kwenda jingine, na sisi wenyewe huusambaza kwa machipukizi ya zawadi, kwa sababu mgomba unaweza kuwa na ugonjwa bila kuonesha dalili. Shambani kwa shemeji kula gonja, msifu, mwambie alivunje ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, na panga lake alipitishe kwenye moto. Ukitaka miche ya migomba, nunua iliyokuzwa maabara, ambayo haina ugonjwa. Kawanda, kwenye barabara hii yetu ya Bombo, ndiko watafiti wa migomba wa taifa wanakofanyia kazi, nasi tunapita pale kila siku tukiutazama uzio tu. Kahawa nayo ina kisa chake: mnyauko wa robusta uliingia mwaka 1993 ukamaliza mashamba ya watu, na jawabu lilitoka vitaluni, kwa vipandikizi vya mikahawa iliyoonekana kuuhimili ugonjwa.

Nimesema vitalu, sasa bustani. Ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, Alexander Whyte akiwa msimamizi wake wa kwanza, na haikuwekwa kwa ajili ya kupunga upepo. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao, kuona ni yapi ya nchi za mbali yatakubali udongo na mvua za hapa. Watu wengi wanakwenda pale kupiga picha za harusi na kutandika mkeka kando ya ziwa, nami sina ugomvi na mkeka. Ila mchukueni mwongoza wageni, mzunguke naye polepole. Wajukuu wangu walimaliza chokoleti nyingi kabla hawajawahi kuuona mkakao, na walipoona maganda yake makubwa yameota kwenye shina lenyewe, si kwenye matawi, waligoma kuondoka. Kumbe fenesi nyumbani nalo huota hivyohivyo na hakuna aliyekuwa ameliangalia. Juu mbega wanaruka, chini mtoto anashika gome la mvule na kuambiwa kwamba ubao wa kabati la bibi ulitoka kwa huyu.

Pale ndipo mwongoza wageni alipotuonesha msizi, mti mrefu wa misitu yetu ambao Waganda huuita musizi, akatutajia jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii. Mimi ni Mnubi, jina hilo la pili halikunipita. Ni la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta huko kusini mwa Sudan, ambaye alikuwa na mapenzi makubwa ya kukusanya ndege na mimea. Aliondoka na mpelelezi Henry Stanley mwaka 1889. Askari wake wa Kisudani waliobaki wakachukuliwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891, na hao ndio mababu zetu tulio Bombo leo. Watoto hawa wamelelewa na hadithi za mababu waliotembea na bunduki. Siku ile walijua kwamba msafara uleule ulikuwa na mtu aliyekaa akikausha majani na kuyaandikia, na mti unakumbuka jina lake.

Kisa cha msizi kinaendelea. Mdogo wangu ameolewa Tanga, na nilipomtembelea tulipanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902. Kila mwenye nafasi ya kufika Tanga aende. Huko nikakutana tena na mti wetu, na safari hii wenyeji wanausema kwa uchungu. Ulipelekwa kupandwa, ukakubali kupita kiasi. Ndege aina ya hondohondo wanakula matunda yake na kuangusha mbegu msituni, nao ukaingia kila palipokatwa miti ya asili ukachukua nafasi yake. Mti uleule ambao kwetu ni mwenyeji mwenye faida, kule ni mgeni asiyeaga.

Nayataja haya kwa sababu anayependa mimea akiwa safarini hujaribiwa kuchomeka kitawi mkobani. Tukumbuke gugumaji. Lilitoka Amerika ya Kusini, watu wakalichukua huku na huko kwa uzuri wa ua lake, wakaliweka kwenye vidimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na miaka ya 1990 lilifunga bandari ya Port Bell na kuziba njia ya maji ya umeme pale Jinja. Wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi. Kwa hiyo mche usivushwe mpaka wa Malaba wala wa Mutukula bila cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa kilimo. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni adabu kwa nchi unayoiingia.

Fort Portal sitaielezea kwa urefu, ila mnaokwenda kuangalia Rwenzori au maziwa ya volkeno, tengeni asubuhi moja kwa Bustani ya Mimea ya Tooro, iliyoanzishwa mwaka 2001. Wanakuza miti ya asili na mimea ya dawa, na mtu anayefikiri kwamba dawa za miti ni za waganga peke yao atatoka na maswali mapya.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni vibao. Katika bustani moja niliyotembelea, miti mingi ilikuwa na msumari mtupu pale palipokuwa na kibao, na iliyobaki na kibao maandishi yameliwa na kutu. Mti usio na jina kwa mgeni ni kivuli tu. Kibao cha mbao na kopo la rangi si jambo la kungojea bajeti. Shule za jirani zina watoto wenye mwandiko mzuri na walimu wa sayansi. Waalikwe siku moja kila mwaka, wapake rangi na kuandika majina, la kitaalamu na la wenyeji, na kazi itakuwa imekwisha huku watoto wamejifunza.

La pili linaniuma zaidi. Vitalu vingi vya mjini viko kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo kila barabara inapopanuliwa wenye vitalu huambiwa wahame kwa haraka. Muuza nyanya anaweza kubeba kreti zake akaenda. Mche uliobebeshwa wiki iliyopita ukitikiswa njiani, kiungo kinaachana. Mtu anapoteza kazi ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Sisemi barabara zisipanuliwe. Nasema halmashauri za miji ziwatengee kipande cha ardhi chenye maji na njia ya gari, na wawape notisi ya msimu mzima, tena isiwe katikati ya kiangazi.

Na kwenu ninyi wa gazeti, ombi langu ni hili. Kabla ya toleo la likizo ijayo, mtumeni mwandishi na mpiga picha kwenye vitalu vya barabara ya Entebbe, vya barabara ya Jinja na vya miji mingine mnayoifikia, mtuandikie nani ana miche gani, inauzwaje, na ipandwe lini. Mwandishi aje asubuhi mapema, wakati wa kumwagilia, maana jua likishapanda wateja wanaanza kuingia na wazee hawana tena nafasi ya kukaa na mtu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Bombo, Uganda